Ncha zilizoungua hazitakiwi kuungua: moshi, utamu na vipande vya nyama vya kupika nyumbani

Kila inapowekwa mtandaoni picha ya vipande vya nyama vyeusi, vinavyong'aa kwa sosi, vile viitwavyo "ncha zilizoungua", ubishi huwa ule ule. Mmoja anaona nyama iliyoungua. Mwingine anasema hapo ndipo ilipofikia pazuri. Wa tatu anataka tu kujua namna ya kuvipika nyumbani, naye hupewa ushauri wa kila aina: weka kuni nyingi zifuke, loweka vibanzi vya kuni usiku kucha, paka asali tangu mwanzo ili utamu uingie ndani. Anafuata yote matatu, na jioni anaepua vitu vichungu, vigumu kutafuna, vyenye ladha ya majivu.

Yamenikuta. Mara ya kwanza nilipaka asali kabla nyama haijagusa moto, nikafunika jiko, nikaamini kwamba ule moshi mzito mweupe uliokuwa ukitoka kila upande ni dalili njema. Nilipofunua baada ya dakika 20, upande wa chini ulikuwa mkaa na katikati bado damu. Nilitupa kilo nzima ya nyama. Uchungu wa kutupa chakula ndio ulionifanya nianze kuuliza kila hatua ina kazi gani, maana ukishajua sababu, huna haja ya kukariri vipimo vya mtu mwingine.

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo lililozua sehemu kubwa ya vurugu hii. Vipande hivi vilipata umaarufu Kansas City, jimbo la Missouri, Marekani, mji ambao Henry Perry aliuza nyama ya moshi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuacha nyuma yake wapishi waliojifunza kwake. Kidari cha ng'ombe kilipikwa kwa moshi saa nyingi. Kilipofika wakati wa kukikata, zile ncha zilizokauka na kuwa nyeusi zaidi hazikupangika vizuri kwenye mkate, zikawekwa pembeni. Katika mgahawa wa Arthur Bryant zilikaa kaunta, na wateja waliokuwa kwenye foleni walizichukua bure. Jina lake la Kiingereza, burnt ends, maana yake ni "ncha zilizoungua". Baadaye watu wakazitaka kuliko nyama yenyewe, zikaanza kuuzwa, na siku hizi wapishi hukata makusudi ile sehemu ya kidari yenye mafuta mengi, wakaifanya vipande vya mraba na kuvirudisha jikoni pamoja na sosi. Kwa hiyo neno "zilizoungua" limebaki kama historia ya chakula chenyewe. Halikuwa maelekezo ya upishi.

Weusi wa nje tunaouona kwenye picha ni ukoko. Waliowahi kugombea ukoko wa chini ya sufuria wanajua kuna ukoko wa kahawia, mkavu, unaovunjika mdomoni na kuacha utamu, na kuna ule uliopitiliza ukanuka moshi wa kuungua. Kati ya huo na ule ni dakika chache tu za uzembe. Kwenye nyama ni vivyo hivyo, ila hapa ukoko umejengwa na viungo, mafuta, moshi na protini iliyokauka juu, na rangi yake huwa nyeusi kuliko tulivyozoea. Onja. Ukiwa mchungu, umeungua. Ukiwa na chumvi, ukali kidogo na harufu ya kuni, uko sawa hata kama ni mweusi tii.

Kuna maneno matatu yanayochanganywa, nayo ni vizuri tuyatenge mapema. Kuchoma ni kuweka nyama juu ya moto wenyewe: joto kali, dakika chache, nyama laini. Kupika kwa moshi ni kuiweka kando ya moto, ndani ya chombo kilichofunikwa, joto likiwa dogo, kama nyuzi 110 hadi 135 za Selsiasi, kwa saa nyingi. Kukausha kwa moshi ni jambo jingine kabisa, ni njia ya kuhifadhi nyama au samaki wakae muda mrefu. Vipande tunavyozungumzia ni vya kundi la pili. Anayevichoma kama anavyochoma nyama ya kawaida ameshapotea njia kabla hajafika kwenye sosi.

Kwa nini joto dogo na muda mrefu? Kidari ni msuli uliobeba uzito wa mnyama maisha yake yote, na msuli wa namna hiyo umefungwa na kolajeni, zile nyuzi ngumu ambazo ukizitafuna hazikatiki. Zione kama kamba zilizofunga mzigo. Joto la ndani ya nyama likivuka nyuzi 70 na kukaa hapo, kamba zinaanza kulegea na kugeuka jelatini, ule ute unaofanya supu ya mifupa igande ikipoa. Kazi hiyo inakwenda haraka zaidi nyama ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95, lakini hata hapo inahitaji saa, na kuongeza moto hakutaifupisha sana. Moto mkali unakausha nje huku ndani kamba zikiwa bado zimekaza. Ndiyo maana nyama ya bei kubwa, ile laini isiyo na mafuta, haifai hapa. Haina kolajeni ya kutosha kuyeyuka, kwa hiyo baada ya saa nne inakuwa kama ubao. Chukua kidari, au bega, au sehemu yoyote ngumu yenye mafuta yaliyoingia katikati ya nyama.

Katikati ya safari hiyo kuna kisa kinachowavunja moyo wengi. Joto la ndani linapanda vizuri, linafika karibu nyuzi 65 au 70, halafu linasimama. Saa inapita, ya pili inapita, kipimajoto hakisogei. Mpishi anadhani moto umekufa, anaongeza mkaa, anaharibu. Moto haujafa. Nyama inatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kuvuja kidogo kidogo na kukauka nje. Joto linaloingia na linalotoka yanalingana, hivyo nyama inabaki pale pale mpaka unyevu wa juu upungue. Una njia mbili: kusubiri, au kuifunga nyama kwa foili ili jasho lisikauke. Mimi huifunga, lakini baada ya ukoko kuwa umeshika. Ukiifunga mapema unapata nyama ya kuchemsha, laini lakini isiyo na nje.

Sasa moshi, ambao ndio roho ya jambo hili na ndio unaoeleweka vibaya kuliko vyote.

Watu husema "moshi" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuni zinapopata joto bila kuwaka miali, sehemu zake huvunjika moja baada ya nyingine. Sehemu moja, inayoitwa lignini, ndiyo inayoupa mti ugumu wake, nayo ikivunjika hutoa guayakoli na siringoli. Hizo ndizo hasa tunazoziita ladha na harufu ya moshi. Sehemu nyingine za mti ni za jamii ya sukari, na hizo zikivunjika hutoa harufu tamu tamu na rangi ya kahawia inayotua juu ya nyama. Yote haya yanatoka vizuri pale kuni zinapokuwa kavu na zinapata hewa ya kutosha. Moshi wake huwa mwembamba, karibu hauonekani, wenye rangi ya bluu ukiutazama ukiwa na kitu cheusi nyuma yake.

Moshi mweupe mzito unaotia machozi ni habari nyingine. Maana yake kuni zimebanwa pumzi au zina maji, zinafuka bila kuungua sawasawa, na zinatoa masizi na lami inayokaa juu ya nyama na kuacha uchungu unaoganda ulimini. Aliyewahi kutumia kibatari anaujua mchezo huu. Utambi ukiwa wa kiasi, mwanga ni safi. Ukiupandisha kupita kiasi, kioo au dari inapakwa weusi. Mafuta ni yale yale, ila hewa haitoshi kwa moto uliowashwa. Kwa hiyo ukiona moshi mzito, usifurahi. Fungua matundu ya jiko, subiri moshi ulainike, ndipo uweke nyama. Kipande kimoja cha kuni kikavu, ukubwa wa ngumi, kikilala pembezoni mwa makaa yaliyokolea, kinafanya kazi nzuri kuliko rundo la vibanzi vinavyofuka.

Na hapo ndipo ushauri wa kuloweka unapoanguka. Maji hayaingii ndani ya kuni kwa urahisi. Pasua kipande kilicholala majini usiku kucha na utakuta moyo wake mkavu. Yale maji ya juu yanageuka mvuke kwanza, unaupoza moto, na mpaka yakauke hakuna ladha yoyote iliyotoka. Umechelewesha moshi na kuuharibu kidogo.

Kuhusu aina ya kuni sitasema mengi. Mti mgumu au mti wa matunda, uliokauka vizuri, unatosha. Miti yenye utomvu kama msonobari haifai, inatoa masizi na harufu ya dawa. Mbao zilizopakwa rangi, zilizotiwa dawa au zilizogandishwa kwa gundi ni hatari, usizitumie hata kidogo.

Lini nyama inashika moshi? Mwanzoni, ikiwa baridi na ina unyevu juu. Kioo baridi hushika mvuke na kilichopata joto hakishiki, na moshi nao hutua kwa namna inayofanana. Kwa hiyo itoe nyama kwenye friji na kuiweka jikoni moja kwa moja, na saa mbili au tatu za mwanzo ndizo uwe na moshi safi. Baada ya hapo ukoko umekauka, na kuni unazoongeza zinaongeza uchungu zaidi kuliko utamu.

Kuna pia ule mstari wa waridi unaoonekana chini ya ukoko ukikata nyama, ambao watu huusifu kama ushahidi wa ladha. Ni mzuri kuutazama. Lakini ni rangi tu. Gesi za moto, nitriki oksidi na kaboni monoksidi, hushikana na mayoglobini, ile inayoipa nyama wekundu wake, na kuizuia isigeuke kijivu. Hauna ladha, na nyama isiyokuwa nao inaweza kuwa tamu kuliko iliyo nao. Kwa kuku, waridi huo huo huwatia watu hofu kwamba hajaiva. Rangi haisemi ukweli hapo, kipimajoto ndicho kinachosema: kuku akifika nyuzi 74 katikati ya sehemu nene, ameiva.

Tuje kwenye utamu. Nje ya nyama kunatokea mambo mawili yanayofanana kwa macho. La kwanza ni protini na sukari kuungana kwenye joto na kutoa rangi ya kahawia na harufu ya nyama iliyoiva, jambo lililoelezwa mwaka 1912 na Mfaransa Louis-Camille Maillard na linaloitwa kwa jina lake. Linakwenda kwa kasi juu ya nyuzi 140, ingawa kwenye joto dogo hutokea pia, polepole, kadiri saa zinavyosogea. La pili ni sukari yenyewe kuyeyuka na kugeuka kahawia. Sukari ya mezani hufanya hivyo karibu na nyuzi 160 hadi 170, na ukiipeleka mbele zaidi inakuwa chungu, kisha nyeusi. Fruktosi huanza mapema, karibu nyuzi 110. Na asali imejaa fruktosi.

Weka hesabu hiyo kando ya jiko. Juu kabisa ya makaa mekundu wavu hupita nyuzi 300 bila shida. Asali ikikaa hapo haina nafasi, na ile kilo yangu haikuwa na nafasi pia. Kando ya moto, kwenye nyuzi 120 au 130, asali hiyo hiyo inakaa, inanata, inakolea, inang'aa. Sukari haina kosa hapa. Mahali na wakati ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo sosi tamu ingoje saa ya mwisho.

"Lakini utamu utaingiaje ndani nikiupaka mwisho?" Hauingii, hata ukiupaka mwanzo. Chumvi ndiyo inayosafiri ndani ya nyama kwa kadiri ya maana, na ndiyo unayopaswa kuipaka mapema, hata usiku wa kuamkia. Sukari na viungo hubaki karibu na juu. Dawa yake ni kuongeza ile sehemu ya juu, na hapo ndipo utaona akili iliyomo kwenye kukata vipande. Chukua bonge la nyama la mraba, sentimita 12 kila upande. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 864. Likate vipande vya sentimita 3 na unapata vipande 64, vyenye eneo la nje la jumla ya sentimita za mraba 3,456. Nyama ni ile ile, nje imekuwa mara nne. Kila unapotafuna unakutana na ukoko, moshi na sosi pamoja na mafuta ya ndani.

Sosi ya mtindo wa Kansas City ni nzito, ya nyanya, siki, sukari ya kahawia na molasi, ile shira nyeusi ya miwa. Molasi ina uchungu wake mdogo unaoelewana na moshi, na siki inazuia utamu usichoshe. Watu wengi wanakosea kwa kuipunguza siki. Onja sosi ikiwa peke yake: ikionekana kali kidogo, itakuwa sawa ikishakutana na mafuta.

Kwa kilo 2 za kidari, paka gramu 24 hivi za chumvi na pilipili manga ya kutosha, ilale kwenye friji. Siku ya pili sogeza makaa upande mmoja wa jiko lenye mfuniko, weka trei ya maji upande wa pili na nyama kwenye wavu juu yake, funika. Ipike mpaka ukoko ukatae kutoka ukiukwaruza kwa ukucha, ndani iwe inakaribia nyuzi 75. Funga kwa foili, rudisha, iache mpaka ifike nyuzi 90. Kata vipande, changanya na sosi na ule mchuzi uliobaki kwenye foili, rudisha bila kufunika kwa dakika 45 hadi 60, ukigeuza mara moja au mbili. Siku yote imekwisha, lakini mikono yako imefanya kazi kidogo tu.

Asiye na jiko la namna hiyo atumie ovini, kwa joto lile lile na hatua zile zile. Moshi ataupata kwingine. Paprika ya moshi, ile ya La Vera nchini Hispania, ni pilipili zilizokaushwa siku nyingi juu ya kuni za mwaloni, na kijiko chake kimoja kwenye viungo kinafanya kazi kubwa. Kuna pia moshi wa maji, ambao wengi huuona kama kemikali za kiwandani. Ni moshi wa kuni uliopozwa ukawa maji na kuchujwa. Ernest Wright alikuwa akiuuza Kansas City mwaka 1895. Una nguvu sana: nusu kijiko cha chai ndani ya sosi ya kilo 2 za nyama kinatosha, ukizidisha unakula majivu. Nyama ya ovini haitakuwa na harufu ile ile ya kuni, lakini naichagua mara mia kuliko nyama iliyopikwa kwa moshi mchafu.

Nina jambo moja la kusisitiza kwa nguvu zangu zote. Jiko la mkaa halipikiwi ndani ya nyumba, wala gereji, wala kibarazani palipozibwa, hata ukifungua dirisha. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu hudhani moshi ukiisha hatari imekwisha, na ndipo wanapoingiza jiko ndani. Makaa mekundu yasiyofuka hata kidogo yanaendelea kuitoa. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, toka nje, mtoe kila mtu, mtafute matibabu.

Kuna pia swali la saratani, ambalo huulizwa kwa haki. Mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi wenye hidrokaboni, kemikali zinazohusishwa na saratani, na nyama iliyounguzwa kwa moto mkali hutengeneza kemikali nyingine za kutiliwa shaka hiyo hiyo. Kupika kando ya moto, na trei ya maji chini ya nyama, kunapunguza sehemu kubwa ya mambo hayo, ingawa hakuyamalizi. Penye kuungua kweli pakate utupe, na usikifanye kuwa chakula cha kila siku.

Mwisho, kujua kama vimeiva. Chukua kijiti cha meno, kidunge kwenye kipande kinene kuliko vyote. Kikipita bila kukwama, kama kinaingia kwenye siagi iliyolainika, epua. Kikivutwa na kitu ndani, bado kamba hazijalegea, rudisha dakika 20 nyingine. Na ukishaepua usivigawe papo hapo. Sosi ikiwa moto huwa majimaji na huteleza ikabaki kwenye sahani. Iache dakika 10 nje ya joto, utaiona inapoteza umaji, inakazana juu ya kila kipande, na kidole ukikigusisha kinatoka kinanata.